WAPAGAZI WA UNYANYEMBE: SOMO LA KAZI NA UONGOZI

Ndugu wahitimu, na ninyi wadogo zetu mlio madarasani,

Mhariri aliponitaka niandike juu ya historia ya mji tuliosomea, nilijua wengi mngetazamia habari za Mtemi Mirambo na Mtemi Isike. Hao wamekwisha kuandikwa, na wanastahili. Mimi nimewachagua watu ambao wengi wao hawakuandikwa hata majina: wapagazi wa njia ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji.

Wanafunzi wengi huamini kwamba kila aliyebeba pembe katika njia ile alikuwa mtumwa. Sivyo. Watumwa walikuwapo, na mateso yao tusiyasahau. Lakini sehemu kubwa ya mizigo ya karne ya 19 ilibebwa na Wanyamwezi huru, kwa ujira wa nguo, shanga na waya. Kijana aliyekwisha kwenda pwani na kurudi alihesabiwa mtu mzima. Mzigo wake ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, mbali na vyombo vyake mwenyewe. Kutoka pwani hadi Tabora ilikuwa safari ya miezi mitatu hivi.

Tuutazame basi msafara kama mahali pa kazi. Mbele alitangulia kirangozi, mwenye mzigo mwepesi, aliyeijua njia na visima. Mara nyingi wapagazi ndio waliomchagua. Nyuma yake walifuata wabeba pembe, watu wa heshima kubwa, kisha wabeba nguo na shanga. Jioni watu waligawanyika katika vikundi vidogo vya kupika na kulala pamoja: huyu kuni, huyu maji, huyu moto. Aliyekuwa peke yake safarini aliumia. Mwenye kikundi alikuwa na watu wa kumtazama akiugua.

Tajiri alitoa mali na posho ya kila siku. Posho ikipungua au mwendo ukizidi, wapagazi waliweka mizigo chini wakasubiri maneno. Wasiposikilizwa, walitoroka usiku. Wazungu wengi waliwaandika katika vitabu vyao kuwa ni wavivu na wasioaminika. Lakini soma vitabu hivyo hivyo kwa makini, utaona sababu. Speke na Grant walifika Tabora Januari 1861 wakakwama miezi kadhaa kwa kukosa wapagazi, maana nchi ilikuwa vitani kati ya Mnywa Sele na Waarabu. Nani angebeba nguo za mtu mwingine kuingia katika mikuki? Tena mvua zilipokaribia, Mnyamwezi alitaka kuwa shambani kwake. Kwa kuwa alikuwa na shamba, aliweza kukataa kazi, na kwa kuwa aliweza kukataa, tajiri alilazimika kusema naye kwa adabu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa mwaka 1873. Dk. Livingstone alifariki Mei mwaka huo kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake walibaki bila tajiri na bila wa kuwaamuru. Wangeweza kutawanyika. Badala yake walishauriana, wakawaweka Susi na Chuma mbele, wakaukausha mwili na kuubeba. Oktoba walifika Kwihara, hapa jirani, wakamkuta Mwingereza Cameron. Yeye aliwashauri wauzike hapo hapo. Walikataa. Februari 1874 waliufikisha Bagamoyo. Huko wengi wao walilipwa ujira wao wakaagwa. Aliyefuatana na mwili hadi Uingereza alikuwa Jacob Wainwright. Susi na Chuma walifika huko baada ya mazishi kwisha.

Uhusiano huo wa kazi ulivunjika baadaye. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na upagazi wa masafa marefu ukaanza kufa. Katika Vita Kuu, ambapo Wabelgiji waliuteka mji huu Septemba 1916, upagazi ulirudi kwa sura nyingine: watu walikamatwa wakabebeshwa mizigo ya majeshi, na maelfu walikufa kwa njaa na maradhi. Kisha vijana wa magharibi walichukuliwa kwenda mashamba ya mkonge, wakaitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba. Hata neno mnyapara liligeuka. Kwa Wanyamwezi mnyampara alikuwa mzee mwenye heshima, na safarini alisimamia watu waliomjua. Katika mashamba ya mkoloni akawa msimamizi wa kuwakaripia watu kwa niaba ya bwana.

Nayaeleza haya kwa sababu wengi wetu leo tunasimamia watu, maofisini, viwandani na mashuleni, na ninyi wanafunzi mtawasimamia kesho. Ofisi nyingi bado zina mnyapara wa aina ya pili. Wapagazi wanatuonyesha kwamba aina ya kwanza ilikuwapo katika ardhi hii kabla ya mkoloni, na kwamba kazi ngumu kupita zetu ilifanyika chini yake.

Mtakapokwenda kulitazama tembe la Kwihara, msimuulize mwongozaji juu ya Livingstone na Stanley tu. Muulizeni pia ni nani waliobeba mizigo, na walilipwa nini.