"Ni" ya Waswidi

Kwetu "ni" ni kineno kisichomdhuru mtu. Kwa Waswidi kineno chenye sauti hiyo hiyo, maana yake "nyinyi", kiliweza kumnunisha mzee kutwa nzima.

Asili yake inachekesha. Zamani, wakizungumza na watu wengi, walisema "I", na kitenzi chake kiliishia na n: "I haven", yaani mnayo. Wakiuliza waligeuza: "haven I?" Ile n ikateleza kutoka kwenye kitenzi, ikang'ang'ania I, na katika karne ya 17 "ni" ilikwisha kuwa neno kamili. Baadaye mwisho ule wa kitenzi ulikufa. Shirika la habari la nchi hiyo liliacha kuandika vitenzi vya wingi mwaka 1945. Mtoto amemzika mama yake.

Ukiliambisha neno hili utaona n haimo. Umiliki wake ni "er", "ert", "era", kwa kufuata jina linalomilikiwa, kama sisi tusemavyo wenu, chenu, zenu: "er bil", gari lenu; "ert hus", nyumba yenu; "era barn", watoto wenu. Ile n iliyoibwa ilimfaa mtenda peke yake.

Kisha "ni" ikatumiwa kwa mtu mmoja, kwa heshima. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mwenye cheo aliitwa kwa cheo chake, usoni pake: "Je, Mkurugenzi atapenda kahawa?" "Ni" ikabaki kwa asiye na cheo, mtumishi au kibarua, nayo ikanuka dharau. Watu wakakwepa kwa kuuliza, "Je, kahawa itanywewa?"

Mwaka 1967 Bror Rexed, aliposhika uongozi wa idara ya afya ya taifa, aliwatangazia wafanyakazi kwamba atamwita kila mmoja "du", yaani wewe, nao wamwite vivyo hivyo. Hakuwa wa kwanza; upepo ulikwisha kuvuma. Lakini jina lake ndilo lililoshikwa.

Mimi niliyefunzwa shikamoo kabla ya kuhesabu, kumwambia mkubwa "wewe" kunanitia baridi. Hata hivyo nawaelewa: heshima yao ilikuwa na mlango wa mbele na wa uani.

Miaka ya 1980 vijana wa madukani walianza tena kuwaambia wateja "ni", wakidhani ni adabu. Wazee waliokumbuka waliona wametukanwa.