Kibwagizo na Khiyana

Wahenga walinena: kikulacho ki nguoni mwako. Mashairi mengi ya siasa ya mwambao wetu yameota katika mzizi wa methali hii. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi zama za ugomvi wa Mazrui na Mabusaidi, uliofikia kikomo mwaka 1837 mji ulipoangukia mikononi mwa Sayyid Said, aliyafumba mambo ya utawala katika tungo zake, na wasikilizaji wake walijua kuwa neno lina nje na ndani.

Lakini itakuwaje pale mkubwa anayesemwa anapouchukua wimbo wenyewe, akaufanya pambo lake? Jambo hili limetukia Marekani katika muziki wa roki, na kwa wapenzi wa ushairi lina mazingatio.

Mwezi wa Juni 1984, Bruce Springsteen alitoa albamu yake iitwayo "Born in the U.S.A." Beti za wimbo uliobeba jina hilo zinasimulia kijana wa kimaskini aliyepelekwa vitani Vietnam, vita vilivyoua Wamarekani zaidi ya 58,000. Anarudi kwao, kiwanda cha kusafishia mafuta hakimpi kazi, na afisa wa serikali hana la kumsaidia. Hii ni khiyana ya nchi kwa mwana wake. Lakini kibwagizo kinataja tu mahali alipozaliwa, kwa sauti kubwa na ngoma nzito. Asiyesikiliza beti hudhani ni wimbo wa kujivunia taifa.

Tarehe 19 Septemba 1984, Rais Ronald Reagan, akiomba kuchaguliwa tena, alihutubia Hammonton, katika jimbo la New Jersey alikozaliwa mwimbaji huyo. Alizisifu nyimbo za Springsteen kuwa zimebeba ujumbe wa matumaini. Siku mbili baadaye, jukwaani Pittsburgh, Springsteen alijiuliza mbele ya watu ni albamu ipi aipendayo rais, kisha akaimba "Johnny 99", kisa cha mfanyakazi aliyeingia katika maafa baada ya kiwanda cha magari kufungwa. Alijibu wimbo kwa wimbo, kama wajibizanavyo malenga.

Kisa cha pili ni cha John Fogerty wa kundi la Creedence Clearwater Revival. Yeye mwenyewe aliitwa jeshini mwaka 1966. Mwaka 1969 alitunga "Fortunate Son", wimbo wa kuwalaumu wakubwa wapendao kupeperusha bendera huku watoto wao wakiepushwa na vita na watoto wa wanyonge wakipelekwa. Mwaka 2020 wimbo huo ulipigwa katika mkutano wa kampeni wa Donald Trump, mtoto wa tajiri, ambaye wakati wa vita vya Vietnam aliahirishiwa wito wa jeshi mara tano: mara nne kwa sababu ya masomo na mara moja kwa sababu ya visigino. Fogerty alistaajabu hadharani, na mwezi wa Oktoba akataka kisheria wimbo wake usitumiwe tena.

Visa hivi viwili ni vya vita vimoja na jeraha moja. Askari alisalitiwa mara ya kwanza alipotelekezwa. Akasalitiwa mara ya pili malalamiko yake yalipogeuzwa kuwa vigelegele vya wale wale aliowalalamikia. Na usaliti huu wa pili hauwezekani bila ya sisi wasikilizaji, tunaoitikia kibwagizo na kuziacha beti.

Mtunzi anaweza kukataza, anaweza kujibu, lakini hawezi kusimama mlangoni mwa kila sikio. Wimbo ukishatoka kinywani ni amana mikononi mwa wausikiao. Basi tunapoitikia, na tujue tumeitikia nini. Maana kuipoteza maana ya shairi la mnyonge nako ni khiyana.