Mashimo Thelathini na Mawili

Mchezaji wa gofu anayekwenda kwenye uwanja asioujua hutafuta kwanza maelezo ya kila shimo. Huambiwa kwamba shimo hili lina miti upande wa kushoto, lile lina bwawa mbele yake, na lile jingine lataka mpira mfupi kwa kuwa upepo huvuma usoni. Mashimo ni 18, na kila moja lina tabia yake. Mchezo huo ulifika Entebbe mwaka 1901 na Nairobi mwaka 1906, ukazipenda zaidi sehemu zenye mvua na nyasi. Huku Gulwe, ambako nyasi hudumu miezi michache na ardhi hukauka mpaka ikapasuka, si mchezo wa kutarajiwa. Lakini ile busara ya kulijua kila shimo kabla ya kulichezea wazee wetu walikuwa nayo. Waliitumia kwenye uwanja mdogo unaobebeka kwapani, wenye mashimo 32, nao ni bao.

Nimeona niyaandike mashimo hayo kama nilivyofundishwa, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mafundi wa bao wanapungua, na elimu yao haikuandikwa sana na wao wenyewe. Ya pili ni kwamba bao limesingiziwa kwa muda mrefu kuwa mchezo wa wavivu. Mimi naamini kuwa anayelielewa bao ameelewa jambo kubwa katika historia ya nchi hii ya kati, na jambo lenyewe si uvivu hata kidogo.

Gulwe ni kituo cha reli. Wajerumani waliifikisha reli ya kati Morogoro mwaka 1907 na Dodoma mwaka 1910, na Gulwe iko katikati ya safari hiyo. Ndicho kituo walichoshukia watu wa Mpwapwa. Mto Kinyasungwe hupita jirani, na katika sehemu ya kati ya Gulwe na Kilosa mafuriko yameikata reli mara nyingi. Mvua za mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 ziliiharibu vibaya sana hata usafiri ukasimama kwa miezi. Mahali ambapo treni huchelewa, watu hujifunza kusubiri, na mahali panaposubiriwa hapakosi bao.

Lakini bao ni kongwe kuliko reli. Kwenye mawe ya Hyrax Hill, karibu na Nakuru, kuna safu za mashimo ya mchezo wa namna hii zilizochongwa mwambani. Mary Leakey alichimba huko mwaka 1937 na 1938. Pwani, Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840, alitunga shairi juu ya bao. Waganda wana omweso, Wanyarwanda wana igisoro, na hayo yote yana mashimo 32. Mpwapwa nayo ilikuwa kituo kikubwa cha misafara iliyotoka Bagamoyo kuelekea Ugogo na Unyanyembe. Njia hiyo ilileta nguo, shanga na bunduki, ikaleta na Kiswahili. Ndiyo maana hata huku bara, mbali na bahari, mchezaji husema nyumba, kichwa, kimbi, namua na mtaji, maneno yale yale yanayosemwa Unguja.

Sasa tuuangalie uwanja wenyewe. Bao lina safu nne, kila safu mashimo manane. Kila mchezaji ana safu mbili, ya mbele inayotazamana na adui, na ya nyuma iliyo karibu na tumbo lake. Kete ni 64. Pwani hutumia komwe, yaani mbegu za mkomwe, na huku kwetu hata kokoto hutosha. Kila mmoja huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi. Shimo la tano kutoka kushoto katika safu ya mbele ndilo nyumba, nalo mara nyingi huchongwa pembe nne. Humo huwekwa kete sita, na mashimo mawili yanayofuata kuliani huwekwa mbilimbili.

Mwanzoni hakuna wa kula. Shimo lenye kete huangaliana na shimo tupu, kwa hiyo anayeanza hulazimika kutakasa, yaani kuzitawanya kete zake bila kupata kitu. Mgeni huona kwamba hiyo ni hasara. Fundi hujua kwamba katika mchezo huo wa kwanza amekwisha chagua ni milango ipi ya nyumba yake itakuwa wazi.

Shimo la kwanza la kulijua ni nyumba. Ndiyo yenye utajiri, na ndiyo inayotamaniwa. Wakati wa namua, yaani wakati mchezaji bado anaingiza kete moja moja kutoka mkononi, kete ya mwisho ikiangukia nyumba yake bila kula, ana hiari ya kulala hapo au kuivunja na kwenda safari. Mwanafunzi huvunja mapema kwa furaha ya kuona kete nyingi zikizunguka. Nyumba ikishavunjwa huwa shimo kama mashimo mengine, na hata ikijaa tena haki yake hairudi. Kwa hiyo huvunjwa mara moja tu, na anayeivunja sharti awe amehesabu mpaka mwisho wa safari.

Shimo la pili halipo upande wako. Ni la nne la adui kutoka kushoto kwake, maana ndilo linalotazamana na nyumba yako. Likiwa tupu, nyumba yako iko salama, kwa sababu mtu hawezi kula kwa shimo lisilokuwa na kete. Likipata hata kete moja, utajiri wako wote uko hatarini. Mzee mmoja aliyenifundisha hakuwa akiangalia nyumba yake kabisa. Macho yake yalikaa ng'ambo, kwenye shimo lile, na likianza kupata kete alikuwa akilila kwanza kabla ya kutafuta faida nyingine yoyote.

Halafu kuna vichwa na kimbi. Kichwa ni shimo la mwisho la safu ya mbele, kushoto na kulia, na shimo linalokifuata pia ni la kimbi. Tabia yake ni kwamba humnyima mtu hiari. Ukila kwenye kimbi ya kushoto, ni lazima uanze kutawanya kutoka kichwa cha kushoto, na kulia vivyo hivyo. Ukianza kula kwa mashimo manne ya katikati, wachagua mwenyewe upande. Kwa hiyo mchezaji mzuri huitafuta katikati kwa ajili ya uhuru wake, na humsukuma mwenziwe pembeni ili ajue mapema atakakopita. Kimbi si shimo baya, kwani hugeuza mwendo na huweza kuendeleza mlo uliokwisha kukatika. Ila yafaa uliingie ukijua kwamba adui naye anaihesabu njia yako.

Mwisho ni safu ya nyuma. Kete zilizo nyuma haziliwi, kwa sababu mlo hutoka safu ya mbele tu. Mwoga hupenda kuzirundika huko. Wakati wa namua kete hizo hazianzishi mchezo, zinangoja mpaka mkono uishe na mtaji uingie, ambapo mtu huchukua kete kutoka shimo lolote lenye mbili au zaidi. Hata hapo pana sheria inayowashangaza wengi: shimo lenye kete zaidi ya 15 haliruhusiwi kuanzisha mlo. Wahenga walisema akiba haiozi. Kwenye bao akiba iliyopita kiasi huoza mbele ya macho ya mwenyewe. Tena mtu akiishiwa safu ya mbele ameshindwa, hata kama nyuma yake kumejaa. Anakufa njaa na ghala limejaa.

Kwa ufupi, shimo halipimwi kwa wingi wa kete zilizomo. Lapimwa kwa mahali lilipo na kwa jirani linayetazamana naye. Hilo ndilo somo la bao, na hapo ndipo ninapoiona historia ya nchi yetu.

Wagogo waliishi kwa ng'ombe na mtama katika nchi ambayo mvua hunyesha bonde hili ikaliruka lile. Mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote katika zizi moja. Aliwagawa kwa ndugu, wakwe na rafiki waliokaa mbali, hawa wakapata maziwa, naye akajua kwamba ukame au maradhi yakipiga hapa, kule kutabaki kitu. Mgeni aliyehesabu zizi lake alimwona maskini. Mwenyewe alijua kete zake ziko katika mashimo mengi. Mpango huo ulivunjika pale ambapo mashimo yote yalikombwa kwa pamoja. Katika vita vya kwanza vya dunia majeshi ya Wajerumani, na baadaye ya Waingereza walioingia Dodoma mwaka 1916, yalichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo. Kisha mvua ikakosekana. Njaa iliyofuata, kati ya mwaka 1917 na 1920, Wagogo waliiita Mtunya, na watu wengi sana walikufa. Hawakufa kwa sababu hawakujua kuweka akiba. Waliliwa safu ya mbele na ya nyuma, jambo ambalo hata bao haliruhusu.

Miaka 30 baadaye walikuja wachezaji wengine, safari hii Kongwa, si mbali na hapa. Mwaka 1946 ujumbe wa wataalamu watatu ukiongozwa na John Wakefield ulizunguka kwa majuma machache, sehemu kubwa kwa ndege, ukapendekeza mashamba makubwa ya karanga. Mpango wa serikali ya Uingereza wa mwaka 1947 ulitaja ekari 3,210,000. Matrekta yaliletwa, mibuyu ikagoma kung'oka, Kinyasungwe ikafurika na kuisomba reli, na udongo wa mfinyanzi ulipokauka ukawa mgumu kama saruji, karanga zikabanwa ndani yake. Mwanzoni mwa mwaka 1951 mpango uliachwa, na hasara ikawa kama pauni milioni 36.

Mimi si mtaalamu wa kilimo, na siwacheki watu waliotaka kuilisha nchi yao iliyotoka vitani na njaa ya mafuta. Lakini mcheza bao akiisoma habari hiyo huutambua mchezo wenyewe. Ni mtu aliyeketi, akaona nyumba ina kete nyingi, akaivunja mara moja bila kuangalia shimo la ng'ambo. Ng'ambo kulikuwa na mvua isiyotabirika, udongo, na mto. Wapo wenyeji waliojua tabia ya kila bonde, kama fundi ajuavyo kimbi na kichwa. Hao walihitajiwa kwa vibarua.

Hata baada ya uhuru dharau haikutoweka. Nimesikia mara nyingi mkutanoni na vijijini kwamba wanaume wanaokaa kwenye bao wanarudisha nyuma maendeleo. Siwezi kukataa kwamba yupo anayecheza huku shamba lake likimezwa na magugu, kama yupo anayecheza gofu huku ofisi ikimngoja. Kosa hilo ni la mtu. Mwalimu Nyerere, ambaye hakuna aliyepata kumwita mvivu, alikuwa mcheza bao mashuhuri, na aliendelea kucheza Butiama baada ya kung'atuka. Naye msomi wa Kiholanzi Alex de Voogt alikaa na mafundi wa Unguja akaandika kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1995, juu ya uwezo wa akili unaohitajiwa katika mchezo huu. Ilibidi Leiden ituambie jambo ambalo lilikuwa chini ya miti yetu.

Mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kupita kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, na reli hiyo mpya nayo inapita Gulwe. Haichelewi kama ile ya zamani, na sina hamu ya kuona watu wakikwama stesheni siku tatu ili tu wapate muda wa kucheza. Kijana anayesafiri sasa ana simu, na ndani ya simu mna michezo chungu nzima. Namwomba jambo moja tu. Akimkuta mzee ana bao na hana wa kucheza naye, akae. Atafungwa mara nyingi, huenda akafungwa mkononi kabla hata ya kuuona mtaji. Hapo amwombe mzee amwonyeshe lile shimo la nne la ng'ambo, na kwa nini lilipaswa kuliwa kwanza. Kete hata zikiliwa haziondoki ubaoni, hubadili mwenyewe tu. Elimu ya mzee haiko hivyo. Akiondoka nayo, hakuna atakayeila.