Mitungi ya Newala

Uwanda wa juu wa Makonde, kusini mwa Tanzania, hauna mito. Udongo wake wa kichanga huinywa mvua, na maji hutokeza tena chini, kwenye chemchemi za mabondeni. Hata hivyo, katika karne ya 19 watu wengi walikaa juu, kwa kuwa vichaka vizito viliwakinga na mashambulizi ya Wangoni na wateka watumwa. Gharama ya usalama huo ilikuwa maji: wanawake waliyapandisha kichwani kutoka bondeni, na nyumbani yakawekwa akiba mitungini.

Humo mbu aina ya Aedes aegypti alipata makao. Hutaga kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji. Mayai hustahimili ukavu kwa miezi, kisha maji yakiongezwa huanguliwa. Kumwaga maji hakutoshi, mtungi lazima usuguliwe, na ni nani angeweza kumwaga maji aliyoyapandisha mlima?

Mwaka 1952 homa inayoenezwa na mbu huyo ilizuka Newala, kwenye uwanda huo, na Masasi, ikiambatana na maumivu ya viungo makali kiasi cha kumkunja mgonjwa, na Wamakonde ndio walioiita chikungunya. Daktari Marion Robinson alieleza dalili, naye mtafiti W.H.R. Lumsden akafuatilia uenezi. Kwa dalili peke yake, ilikuwa vigumu kuutofautisha ugonjwa huu na homa ya dengi. Lakini mwaka 1953 kirusi kilipatikana katika damu ya mgonjwa, na uchunguzi wa R.W. Ross, uliochapishwa 1956, ukakieleza kwa kina.

Je, ulikuwa ugonjwa mpya? Mwaka 1971 mtafiti D.E. Carey alidai kwamba hata mlipuko wa Unguja wa 1870, uliohesabiwa kuwa dengi, huenda ulikuwa chikungunya. Hoja yake naiona nzito, maana maelezo ya kale yanataja viungo vilivyouma muda mrefu baada ya homa. Ila hakuna damu ya wakati ule ya kupima.

Mwaka 2004, wakati wa ukame, maji ya akiba yalileta mlipuko wa chikungunya Lamu, kisha ukaenea Mombasa, Komoro na Réunion, ambako takriban theluthi ya wakazi waliugua. Huko Réunion madaktari waliwafuatilia wagonjwa kwa miaka na kuona kwamba baadhi yao bado waliumwa vifundo vya mikono na miguu, hasa asubuhi. Hakuna dawa ya kukiua kirusi hiki. Mgonjwa hutuliza maumivu, huviendesha viungo taratibu bila kuvilazimisha, na huhitaji jamaa wanaokubali kwamba anayeshindwa kushika mchi au jembe asubuhi si mvivu. Jioni anaweza kuvishika.