Dijei wa mpakani, stika ya ukutani na mashine inayosikiliza

Leo tuzungumze muziki. Wale wa kompyuta msikimbie, kompyuta zitakuja tu. Tena zitakuja na lawama.

Nataka tuanzie Busia. Wengi mnajua neno boda boda lilizaliwa pale, enzi za baiskeli zilizokuwa zikivusha watu na mizigo kutoka boda moja hadi nyingine, kwenye kipande cha barabara kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda. Malaba nako kuna reli, kuna daraja na kuna foleni ya malori. Miji hii miwili imeishi kwa kuvusha vitu: mahindi, samaki, mitumba, mafuta. Na nyimbo. Rumba ya Kongo, benga ya Ziwani, omutibo ya Waluhya, akogo ya Wateso (ambao wako pande zote mbili za mpaka) na miziki ya Kampala, vyote vimevuka hapo bila kugongewa muhuri.

Sasa fikiria dijei aliyeko Busia upande wa Kenya. Amesimamisha simu kwenye kibao, amefungua laptopu, anarusha laivu Facebook. Anapiga wimbo wa Kampala, halafu wa Nairobi, halafu wa Kinshasa. Wasikilizaji wengine wako Malaba, wengine Tororo, mmoja ni dereva wa lori aliyekwama kwenye foleni, mwingine ni mtoto wa Samia anayefanya kazi Doha. Swali langu ni moja: hapo nani anamlipa nani?

Ukiniuliza haraka nitakujibu "hakuna". Ukinipa muda nitakueleza kwa nini, na maelezo hayo yanaanza miaka ya themanini.

Kenya ilipata chama chake cha kukusanya mirabaha ya watunzi, MCSK, mwaka 1983. Uganda wakaanzisha chao, UPRS, mwaka 1985. Mfumo waliorithi ulikuwa wa kizamani lakini wenye akili. Huwezi kumtuma mtu akakae kila baa kuhesabu kila wimbo. Basi mwenye baa analipa ada moja kwa mwaka, anapewa leseni na stika ya kubandika ukutani, na hiyo inamruhusu kupiga muziki wote ambao chama kinausimamia. Fedha zinaingia kwenye chungu kimoja, kisha wenye nyimbo wanagawiwa.

Angalieni vizuri: leseni hiyo imefungwa kwenye ukuta. Inajua jina la baa, mtaa na kaunti. Inaishia mpakani. Baa iliyo Busia ya Kenya inalipia Nairobi, na baa iliyo ng'ambo ya barabara inalipia Kampala, hata kama spika zao zinasikizana.

Baadaye kuta ziliongezeka. Sheria mpya ya hakimiliki ya Kenya ilipitishwa 2001, na Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, ikatokana nayo. Wimbo mmoja una haki zaidi ya moja ndani yake: ya mtunzi, ya aliyegharimia kurekodi, na ya waimbaji na wapiga ala. Kwa hiyo pembeni ya MCSK wakaja KAMP wa watayarishaji mwaka 2003, kisha PRISK wa wasanii watendaji mwaka 2009. Uganda nao wakaandika upya sheria yao mwaka 2006. Dijei wa harusi akajikuta ana mikono mitatu mbele yake, yote ikidai chake.

Lakini sehemu iliyooza haikuwa ukusanyaji. Ilikuwa ugawaji. Ili ugawe chungu kwa haki lazima ujue ni nyimbo gani zilipigwa, na mara ngapi. Redio unaweza kuidai orodha. Baa ya Malaba nani ataandika orodha saa nane za usiku? Na disko matanga je? Wale wa Magharibi wanaelewa: jenereta, spika kubwa, dijei na vijana wanakesha msibani mpaka alfajiri. Serikali imepiga marufuku disko matanga mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, kwa sababu za usalama wa watoto, na bado zikaendelea. Huko hakukuwa na stika wala daftari.

Matokeo yake tuliyaona. Januari 2016 kundi la Elani lilijitokeza kwenye video likalalamika kwamba, pamoja na nyimbo zao kupigwa kila mahali redioni, mirabaha waliyopata ilikuwa shilingi 31,000. Mwaka 2019 MCSK iliwagawia wanachama wake shilingi 2,530 kila mmoja. Kila mmoja! Aliyepigwa kila siku na aliyerekodi wimbo mmoja akasahaulika, sawasawa. Mimi nikisoma habari ile sikuona wizi kwanza (hayo ya wizi nawaachia wengine). Niliona kitu ambacho kila mwandishi wa programu anakitambua: usipokuwa na data, unagawanya kwa idadi ya vichwa.

Vyama vyenyewe navyo havikutulia. Mwaka 2017 KECOBO iliinyima MCSK leseni ikaipa MPAKE, kesi zikafuata, MCSK ikarudi. Agosti 2021 bodi ikavifutia leseni vyote vitatu, MCSK, KAMP na PRISK, kwa mpigo. Mwenye baa alikuwa haki yake kuuliza, "Sasa nimlipe nani?"

Wakati sisi tunagombania chungu, kwingine mtu alikuwa anatatua tatizo la daftari kwa njia nyingine kabisa.

Mwaka 2003 Avery Wang wa Shazam alichapisha maelezo ya jinsi kompyuta inavyoweza kutambua wimbo. Nitayasimulia kwa ufupi, maana ni mazuri. Sauti inageuzwa kuwa picha: muda unakwenda mlalo, marefu na mafupi ya sauti yanakwenda wima. Kwenye picha hiyo unachukua vilele tu, yaani nukta zenye nguvu zaidi, kama nyota angani. Kisha unaunganisha nukta mbili mbili, na kila jozi inageuzwa namba. Wimbo mzima unakuwa orodha ya namba, alama ya kidole chake. Ukirekodi sekunde chache kwenye baa yenye kelele, nyota nyingi zitapotea, lakini zilizobaki zinatosha kuutambua wimbo.

YouTube ilianzisha Content ID yake mwaka 2007. Facebook ikaleta Rights Manager mwaka 2016. Kuanzia hapo kukawa na sikio linalosikiliza kila kinachopakiwa, baadaye hata kinachorushwa laivu. Likitambua wimbo, linafanya aliloagizwa na mwenye madai: linyamazishe, lizuie, au liache lichezwe lakini fedha za matangazo ziende kwa mwenye wimbo.

Halafu ikaja Machi 2020. Kenya ikafunga baa, na tarehe 27 kafyu ikaanza. Kafyu haikuondolewa hadi tarehe 20 Oktoba 2021. Malaba madereva wakapanga foleni ndefu wakisubiri kupimwa. Usiku wa mpakani, ambao ndio ulikuwa mshahara wa dijei, ukazimwa kama taa. Marekani D-Nice alikuwa amewakusanya zaidi ya watu 100,000 kwenye Instagram kwa usiku mmoja wa mwezi huohuo. Madijei wa kwetu nao wakaingia laivu, sebuleni.

Hapo ndipo stika na sikio vilipokutana, na havikujuana. Dijei aliyelipia leseni yake kihalali alinyamazishwa katikati ya seti sawasawa na asiyelipa kitu. Mashine haina habari na stika ya Nairobi. Haikuingiwa na mtu kwenye hifadhidata yake, na hakuna aliyewahi kujenga njia ya kuiingiza. Leseni ya ukutani inahusu kupiga muziki mbele ya watu mahali fulani. Sikio linafuata mikataba kati ya kampuni ya mtandao na wenye rekodi. Ni sheria mbili juu ya wimbo uleule. Kenya nayo, katika marekebisho ya 2019, iliweka utaratibu wa kuondoa kazi zilizoibwa mtandaoni ndani ya saa 48 za kazi baada ya notisi, lakini mashine hungoji saa 48. Inatumia sekunde.

(Na wale mnaoandika chini ya video "sina haki za muziki huu": acheni. Ni kama kumwandikia mwenye ng'ombe barua kwamba unajua ng'ombe si wako.)

Mpakani mambo yana chumvi zaidi. Tangu 2006 Celtel ilikuwa imeunganisha Kenya, Uganda na Tanzania kwenye mtandao mmoja wa simu bila gharama za kuvuka. Simu ilivuka mapema, leseni ya muziki ilibaki mezani. Kisha Januari 2021 Uganda ikaifunga Facebook, na miaka ikapita bila kuifungua. Shabiki wa upande wa pili akawa anamtazama dijei wa Busia kwa VPN, au kwa laini ya Kenya, maana minara haijui mpaka uko wapi.

Na fedha? Dijei aliweka namba ya M-Pesa kwenye kona ya video. Tangu M-Pesa ianze 2007 hakuna njia nyepesi kuliko hiyo. Watu walituma hamsini, mia, mia mbili. Zote ziliingia kwa dijei, na sina neno, kalala njaa naye. Lakini mtunzi aliyeandika wimbo uliofanya watu watume ile mia hakupata hata senti, kwa sababu M-Pesa haijui wimbo gani ulikuwa ukipigwa. Tangu Julai 2023 serikali yenyewe imepata njia: kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye mapato ya maudhui ya mtandaoni. Anayetoza kodi alipata fundi wake haraka. Mtunzi bado anangoja wake.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma. Dijei mwerevu wa Magharibi aligundua kwamba akipiga nyimbo za zamani za kwao, zile za kanda, mashine hailii. Hazijawahi kusajiliwa popote, hazina alama ya kidole. Seti inakwenda salama mpaka mwisho. Maana yake ni nini? Ni kwamba wimbo ulio salama kwa dijei ndio usioweza kumlipa mwenyewe. Mzee aliyerekodi miaka ya themanini na yuko hai kijijini anasikika Doha, na hakuna mashine wala chama kinachojua.

Kuna na kinyume chake. George Mukabi, gwiji wa omutibo, aliuawa mwaka 1963. Sheria ya Kenya inalinda utunzi kwa miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mtunzi, kwa hiyo kwa hesabu hiyo ulinzi wa tungo zake hapa nchini uliisha mwisho wa 2013. Rekodi zake zilitolewa upya na kampuni ya ng'ambo mwaka 2017. Jambo jema, zimeokolewa. Lakini wimbo uliotolewa upya ni wimbo unaoweza kuingizwa kwenye sikio, na sikio halihesabu miaka ya sheria ya Kenya. Linafuata alichoandika anayedai.

Je, wengine wamefanyaje? Mixcloud ya London, iliyoanza 2008, ilifunga mikataba na kampuni kubwa za rekodi na mwaka 2020 ikafungua huduma ya laivu yenye leseni. Twitch, baada ya wimbi la kufuta video mwaka 2020, ilianzisha mpango wa madijei mwaka 2024 pamoja na Universal, Sony, Warner na Merlin: dijei anarusha laivu bila hofu, na sehemu ya mapato yake inakwenda kwa wenye muziki. Siri yao ni moja tu. Wanajua nini kimepigwa. Lakini orodha yao ni ya waliosaini, na mzee wetu hakusaini popote.

Nami narudi kwenye laptopu ya dijei wa Busia. VirtualDJ, Serato na rekordbox zote zina kumbukumbu ya kila wimbo uliopigwa na saa uliyopigwa. Daftari ambalo vyama vyetu vililia kwamba halipo, lililofanya watu wagawiwe 2,530 kwa vichwa, limekuwa likijiandika lenyewe kila usiku, Busia na Malaba, kwenye folda ambayo hakuna aliyewahi kuiomba.

Februari 2018 marais wawili walizindua kituo cha pamoja Busia, lori likaguliwe mara moja badala ya mara mbili. Mahindi yana kituo chake. Nyimbo bado zinapita njia za panya.

Kwa hiyo, wewe dijei unayesoma hapa: usifute kumbukumbu zako. Zihifadhi kwa tarehe. Msanii wa karibu mwombe ruhusa kwa maandishi, hata ujumbe wa simu unatosha kuanzia, na ukipata cha M-Pesa mkumbuke. Na wewe fundi mwenzangu unayetafuta cha kujenga, mbali na programu nyingine ya kuagiza chipsi... kazi hiyo hapo.

Tuonane wakati mwingine.