Kifua kikuu cha utando wa mapafu

Kifua kikuu cha utando wa mapafu ni TB inayoshika utando wenye matabaka mawili membamba: moja limelivaa pafu, jingine limetanda ndani ya mbavu. Katikati yake huwa na majimaji machache, kiasi cha vijiko viwili vitatu vya chai, ya kulainisha mwendo wa pafu.

Mara nyingi chanzo ni kidonda kidogo ukingoni mwa pafu. Kikipasuka, bakteria wachache humwagikia katikati ya matabaka hayo, na kinga ya mwili huwashukia kwa ukali. Ukali huo, kuliko bakteria wenyewe, ndio unaojaza maji, pengine lita nzima na zaidi, kwa kawaida upande mmoja.

Mgonjwa huwa na kichomi kinachochoma akivuta pumzi, homa, kikohozi kikavu na, maji yakizidi, hutweta. Daktari akigongagonga mgongo kwa kidole, juu husikia mlio wa mtungi mtupu. Akishuka, mlio hufa ghafla, kama mtungi uliojaa.

Kuuthibitisha ugonjwa ni kazi. Makohozi huenda yasitoke kabisa. Maji yanayovutwa kwa sindano huwa na rangi ya majani makavu, lakini darubini huona bakteria kwa wagonjwa wasiofika 10 katika 100. Ndiyo maana hupimwa pia wingi wa limfosaiti na kimeng'enya cha adenosini diaminasi: kikizidi uniti 40 kwa lita, shaka ya TB huwa kubwa. Kipande cha utando nacho huweza kukatwa kikapimwe. Kipimo cha VVU kisiachwe.

Ugonjwa huu una hila moja: maji huweza kukauka bila dawa, mtu akajiona amepona. Mwaka 1955 madaktari Roper na Waring walieleza habari za wanajeshi 141 wa Marekani waliojaa maji hayo. Baadaye 92 kati yao walipata TB kamili. Kwa hiyo nafuu ya wiki za mwanzo isimwachishe mtu dozi. Tiba ya kawaida ni miezi 6: miwili ya rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli, kisha minne ya zile mbili za kwanza. Mkojo kuwa wa rangi ya chungwa ni kwa ajili ya rifampisini, wala si damu.

Baadhi ya waliomaliza dawa hubaki na ubavu unaovuta: ni kovu la utando ulionenepa.