Nusukipitishi

Nusukipitishi (pia semikonda) ni kitu kigumu kinachopitisha umeme kwa urahisi kuliko kioo lakini kwa shida kuliko shaba. Kinachotumika zaidi ni silikoni. Kila atomi yake ina elektroni nne za nje, zote zimefungwa katika muungano na atomi nne jirani. Ndiyo maana fuwele safi iliyo baridi sana haipitishi umeme. Elektroni huchomoka ikipata nishati ya elektronivolti 1.1 hivi, kutoka kwenye joto au mwanga, na kuacha tundu linalotembea kama chaji chanya. Hivyo nusukipitishi kikipata joto hupitisha umeme vizuri zaidi, kinyume cha shaba. Michael Faraday aliliona hilo katika salfidi ya fedha mwaka 1833.

Utamu wenyewe uko kwenye uchafu wa makusudi. Atomi moja tu ya fosforasi kati ya milioni moja za silikoni huleta elektroni ya ziada na kuongeza upitishaji mara nyingi mno. Boroni huleta tundu. Silikoni za aina hizo mbili zikiunganishwa, mkondo hupita upande mmoja tu, na hiyo ndiyo diodi. Kila seli ya paneli ya sola iliyo juu ya bati ni diodi pana iliyoanikwa juani.